Dawa ya Tezi Dume na Majina Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa niseme juu ya bei ya dawa. Jambo hilo ni pana mno kwa muda niliopewa, kwa hiyo nimechagua dawa moja tu, nayo ni finasteridi, dawa ya tezi dume itolewayo kwa cheti cha daktari. Nimeichagua kwa kuwa safari yake inajulikana vizuri, tangu ilipovumbuliwa na kampuni moja hadi ilipoanza kutengenezwa na viwanda vingi vya nchi mbalimbali. Tena ni dawa inayowahusu wazee wetu, na baada ya miaka michache itawahusu wengi walioketi katika ukumbi huu, pamoja na hao wanaocheka hapo nyuma.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Kadiri mwanamume anavyozidi kuishi, tezi hiyo huelekea kukua. Wataalamu waliochunguza tezi za maiti kwa hadubini waliuona ukuaji huo katika nusu hivi ya wanaume wenye umri kati ya miaka 51 na 60, na katika karibu tisa kati ya kila kumi waliopita miaka 80. Si wote wanaotaabika. Wanaotaabika huamka usiku mara nne au mara tano. Husimama chooni wakingoja mkojo usiokuja. Na wengine siku moja mkojo hufunga kabisa, wakakimbizwa hospitali kuwekewa mpira. Ukuaji huu siyo saratani, ingawa yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja, na ndiyo sababu vipimo vya daktari haviepukiki. Nayasema haya mapema kwa kuwa wako wazee wanaodhani kuwa maradhi haya ni malipo ya mwenendo wa ujana wao. Basi huona haya, hunyamaza, na hufika kwa daktari wakati figo zimekwisha kuanza kudhurika.

Chanzo cha dawa yenyewe ni kisa cha ajabu. Mwaka 1974 Dkt. Julianne Imperato-McGinley na wenzake kutoka Marekani walichapisha habari za jamaa waliokuwa wakiishi katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Huko walizaliwa watoto walioonekana kuwa wasichana na kulelewa hivyo, lakini walipobalehe miili yao ikageuka kuwa ya kiume. Ilibainika kuwa watoto hao walizaliwa bila nguvu ya kutosha ya kimeng'enya kimoja, kile kinachoigeuza homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Walipokuwa watu wazima ilionekana kwamba tezi dume zao zilibaki ndogo. Wataalamu wa kampuni ya Merck ya Marekani wakajiuliza: je, kama tukiweza kukizuia kimeng'enya hicho kwa kidonge, tezi ya mzee haitanywea? Kidonge hicho ndicho finasteridi. Kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1992 kwa jina la Proscar, miligramu 5 kwa siku, mara moja.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hoja yangu yote imesimama hapa. Finasteridi haina haraka. Mgonjwa aweza kuimeza kwa miezi sita kabla hajaona tofauti ya maana, kwani dawa hupunguza ukubwa wa tezi pole pole, nayo tezi hurudia kukua dawa ikiachwa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa miaka minne juu ya wanaume zaidi ya 3,000 waliokuwa na tezi iliyokua. Katika kila wanaume 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 10 walifanyiwa upasuaji na 7 walifungwa mkojo ghafla. Miongoni mwa waliopewa finasteridi, waliopasuliwa walikuwa 5 na waliofungwa mkojo walikuwa 3. Hiyo ni nusu, au zaidi ya nusu, ya balaa iliyoepushwa. Lakini imeepushwa kwa watu walioimeza dawa kila siku kwa miaka minne.

Kwa hiyo mzee anayenunua vidonge vya mwezi mmoja kwa bei kubwa, akakosa fedha ya mwezi wa pili, akasubiri mwanawe alipwe mshahara ndipo anunue tena, hapati nusu ya tiba. Yaweza kuwa hapati tiba yoyote, na fedha yake imekwenda. Dawa ya malaria mtu huimeza siku tatu, na hata ikiwa ghali ataazima kwa jirani. Dawa ya kumezwa kwa miaka haiendeshwi kwa kuazima. Hapo bei yenyewe huwa ni sehemu ya tiba, sawasawa na kiini kilichomo ndani ya kidonge, na daktari anayeandika cheti bila kuifikiria bei ameandika nusu ya cheti.

Basi bei hiyo hutoka wapi? Kutengeneza kidonge hakugharimu sana. Kinachoiinua bei ni haki ya kuwa peke yako sokoni. Mvumbuzi wa dawa hupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Hoja ya haki hiyo inaeleweka. Utafiti ni ghali, na dawa nyingi huanguka katika majaribio kabla hazijamfikia mgonjwa. Mimi sikuja hapa kuilaani hataza. Lakini hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma: yeye aueleze uvumbuzi wake waziwazi, umma umwachie soko kwa muda, na muda ukiisha uvumbuzi uwe wa wote. Ile sehemu ya mwisho ya mapatano ndiyo ambayo umma huisahau kuidai.

Nchini Marekani hataza ya Proscar ilikwisha mwezi Juni mwaka 2006. Huko ipo sheria ya mwaka 1984, inayoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Hatch na Waxman, inayoruhusu kiwanda kingine kuuza dawa ileile bila kurudia majaribio yote ya awali, mradi kithibitishe kuwa dawa yake huingia mwilini sawasawa na ile ya kwanza. Dawa za namna hiyo huitwa dawa jenereki. Hataza ilipokwisha, kampuni ya Dr. Reddy's ya India ilianza kuuza finasteridi huko kwa makubaliano na Merck wenyewe. Yaani dawa ya mwenye hataza ilitoka kwa jina jingine na bei nyingine. Sijui kama upo ushahidi mzuri kuliko huo kwa mtu anayeshikilia kuwa nguvu ya dawa imo katika jina lililochapwa juu ya boksi.

Wala kisa cha majina hakiishii hapo. Wale wanaume wa Salinas, licha ya tezi ndogo, hawakuwa wakipata upara wa kawaida. Merck haikuliacha jambo hilo lipotee. Mwaka 1997 finasteridi iliruhusiwa tena Marekani, safari hii ikiwa miligramu 1, kwa jina la Propecia, kwa ajili ya wanaume wanaopoteza nywele. Kiini ni kilekile. Kidonge chenye miligramu 5 kilikuwa cha mzee asiyeweza kukojoa, na chenye miligramu 1 kilikuwa cha kijana anayejitazama kwenye kioo. Lakini bei haikufuata uzito. Ikawa wanaume wengi wa Marekani wanaomba waandikiwe kidonge kikubwa, kisha wanakikata vipande vinne kwa kisu, kwa kuwa kukikata kulikuwa nafuu kuliko kununua kile kidogo. Na hataza zilizokilinda kidonge kidogo ziliendelea hadi mwaka 2013, miaka saba baada ya ile ya kidonge kikubwa kwisha. Kiini kimoja, majina mawili, bei mbili, na tarehe mbili za uhuru! Mwalimu wa hesabu angependa kuwapa wanafunzi wake fumbo hilo, ingawa jibu lake halimo katika hesabu.

Zipo nchi ambazo hazikungoja mwaka 2006. India ilitunga Sheria ya Hataza mwaka 1970, ikaanza kutumika mwaka 1972, nayo ilitoa haki kwa njia ya kutengenezea dawa tu, bila kuigusa dawa yenyewe. Kiwanda kilichogundua njia nyingine ya kufika kwenye kiini kilekile hakikuvunja sheria. Katika miaka ile ndipo viwanda vya India vilipojifunza kazi, na finasteridi ikatengenezwa huko kwa majina kama Fincar ya Cipla. Tarehe 1 Januari 2005 India ilibadili sheria yake ili itimize masharti ya Shirika la Biashara Duniani, ikaanza kutoa hataza kwa dawa yenyewe. Lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kukita mizizi. Boksi nyingi mnazoziona katika maduka yetu ya dawa zimeandikwa kuwa zimetengenezwa India, na hii ndiyo asili yake.

Kuhusu sisi wenyewe, Tanzania imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa, na kwa uamuzi wa Shirika hilo la Biashara wa mwaka 2015 nchi za kundi hilo hazilazimiki kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Uganda, Rwanda na Burundi zimo, Kenya haimo. Kwa dawa mpya ruhusa hiyo ni kubwa, na inafaa itumike kabla haijapita. Lakini kwa finasteridi hata hatuihitaji. Hataza ya kiini chake imekwisha, na hakuna kampuni yenye haki ya kumwambia Mtanzania asiitengeneze, asiiagize, au asiiuze kwa bei ndogo baada ya kusajiliwa.

Kama sheria haituzuii, basi kinachomzuia mzee wetu kipo hapa hapa nyumbani, nami nakiona kwanza katika cheti. Kila dawa ina jina la biashara ambalo ni mali ya kampuni, na ina jina lisilo na mwenyewe, linalopangwa na Shirika la Afya Duniani kwa utaratibu uliowekwa tangu miaka ya 1950. Majina hayo yana sarufi yake. Dawa za jamii ya finasteridi huishia kwa silabi zilezile, ndiyo maana ndugu yake huitwa dutasteridi. Mwenye kuijua kanuni hutambua ukoo wa dawa kama vile mwalimu wa Kiswahili atambuavyo ngeli kwa kiambishi. Jina hilo ni la watu wote. Daktari akiliandika, mfamasia ana ruhusa ya kutazama rafu yote na kumpa mgonjwa iliyo nafuu kati ya zilizosajiliwa. Akiandika jina la biashara, mgonjwa hutoka na karatasi iliyomfunga kwa kampuni moja. Atazunguka mji mzima akiitafuta boksi ya rangi aliyoambiwa, na akipewa nyingine ataikataa akidhani anadanganywa. Mathalani mwalimu mstaafu wa Sumbawanga aliyetibiwa Dar es Salaam akarudi kwao na cheti cha namna hiyo: dawa yaweza kuwapo katika duka la kwanza alilolipita, naye asijue.

Najua lipo jibu linalotolewa kila mara, kwamba rahisi ni ghali. Jibu hilo halistahili kudharauliwa. Mwaka 2013 kampuni ya Ranbaxy ya India ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani juu ya dawa zilizotengenezwa chini ya kiwango na kumbukumbu zisizo za kweli, ikakubali kulipa dola milioni 500. Hayo yalitokea, na mtu anayetetea dawa jenereki bila kuyataja hawatendei haki wasikilizaji wake. Ila tuangalie yaligunduliwaje. Aliyekuwa ndani ya kampuni alitoboa siri, wakaguzi wakaingia viwandani wakafungua madaftari. Jina la biashara halikumlinda mtu yeyote hapo, na wanaoghushi dawa nao hupenda kuiga boksi za majina makubwa, kwa kuwa ndizo zinazolipa. Mlinzi wa mgonjwa ni mkaguzi na maabara.

Wako pia wanaosema kuwa sheria huruhusu dawa jenereki kupungua nguvu kwa asilimia 20. Huko ni kusoma vibaya. Kipimo hufanywa kwa watu wenye afya wanaomeza dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, damu yao ikachukuliwa mara kwa mara, kisha viwango vikalinganishwa. Na ile mipaka ya asilimia 80 na 125 ni mipaka ya hesabu ambayo makadirio yote, pamoja na shaka yake, lazima yakae ndani yake. Dawa iliyo pungufu kweli kwa asilimia 20 haiwezi kupita hapo. Wakaguzi wa Marekani walipokusanya majaribio 2,070 ya miaka 1996 hadi 2007, waliona tofauti ya wastani ya kiasi cha dawa kilichoingia mwilini ni kama asilimia 3.5. Hii leo karibu vyeti tisa kati ya kila kumi nchini humo hujazwa kwa dawa jenereki. Nchi yenye Merck yenyewe inameza jenereki, nasi tunazitilia shaka kwa niaba yao!

Katika nchi yetu kazi ya ukaguzi ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwishoni mwa mwaka 2018, ilipokuwa bado ikiitwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa imefika daraja la tatu la uwezo wa kusimamia dawa, ya kwanza katika Afrika. Tunatangaza ushindi wa mpira kwa wiki nzima, lakini habari hiyo wengi wetu hatukuisikia. Nami nadhani ingemsaidia sana yule mzee mwenye shaka mbele ya dirisha la dawa kama angeambiwa kuwa swali la kuuliza ni kama dawa hii imesajiliwa, badala ya kuuliza imetoka nchi gani.

Kwa watumishi wanaohusika na ununuzi nina neno moja zaidi. Marekani walipima bei hushukaje. Kukiwa na mtengenezaji mmoja tu wa dawa jenereki, bei huwa chini ya ile ya mwenye jina kwa asilimia 39 hivi. Wakiwa wawili hushuka kwa 54. Wakiwa wanne, kwa 79. Na wakifika sita au zaidi hushuka kwa zaidi ya asilimia 95. Maana yake ni kwamba kusajili jenereki moja na kukunja mikono hakutoshi. Faili la mtengenezaji wa pili, wa tatu na wa nne linalokaa mezani bila kusomwa lina bei yake, na anayeilipa ni mgonjwa wa Kasulu asiyejua kuwa faili hilo lipo. Hali kadhalika bohari ikikaukiwa kwa miezi miwili, kwa dawa ya aina hii hasara haihesabiwi kwa siku zilizopotea tu, kwa sababu tezi haikungoja.

Kabla sijamaliza niitaje tamsulosini, maana wengi mtaandikiwa hiyo kwanza. Yenyewe haipunguzi ukubwa wa tezi. Hulegeza misuli ya njia ya mkojo, na nafuu yake huonekana kwa siku au majuma. Ilivumbuliwa Japani, ikaingia Marekani mwaka 1997 kwa jina la Flomax. Hataza yake huko ilikuwa ikome Oktoba 2009, lakini sheria yao huongeza miezi sita kwa kampuni inayoijaribu dawa yake kwa watoto. Basi dawa inayojulikana ulimwenguni kwa matatizo ya wazee ikajaribiwa kwa watoto wenye maradhi ya kibofu, na ulinzi ukasogea hadi Aprili 2010. Jenereki ya kwanza ilitoka Machi mwaka huo, wiki chache kabla, kwa mapatano ya makampuni. Dawa hii hutiwa katika kapsuli inayoachia kiini pole pole, kwa hiyo mtengenezaji wa jenereki hana budi kuthibitisha mwendo wake pia, na mgonjwa asiifungue wala kuitafuna, maana yaweza kumshusha shinikizo la damu akaanguka.

Kuhusu finasteridi yapo ya kuangaliwa vilevile, iwe ya jina au isiyo na jina. Huteremsha kwa karibu nusu kipimo cha damu kitumiwacho kuchunguza saratani ya tezi dume, kwa hiyo anayeimeza amwambie daktari kabla ya kupimwa, la sivyo namba nzuri itamdanganya. Mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika, kwani vyaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Na baadhi ya wanaume hupungukiwa na nguvu za kiume wakiitumia; mwenye kuliona hilo asiiache kimyakimya kwa haya, bali arudi kwa aliyemwandikia.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Aliye na boksi ya dawa nyumbani kwake na ailete wiki ijayo tusome pamoja: jina la kampuni huwa kubwa juu, na lile la watu wote huwa chini yake, kwa herufi ndogo.